Shangazi wa Projekta Anajibu: Muvi za Nchi za Watu, Ukumbi wa Chuo na Vichwa vya Watu wa Mbele

Mwezi huu barua karibu zote zimeangukia sehemu moja. Nyie wanafunzi (na wahadhiri wawili watatu mliojificha kwa majina ya bandia, uandishi wenu unawachoma) mmeanzisha au mnataka kuanzisha msimu wa muvi za kimataifa chuoni, kila wiki filamu kutoka nchi nyingine, na kuna mahali mmekwama. Mimi nimeendesha misimu ya hivyo miaka kumi na kitu, nimeunguza vidole kwenye balbu za projekta na nimewahi kuonyesha filamu ukumbini tukiwa watu wanne, mmoja wao mlinzi. Tuanze.

Shikamoo shangazi. Klabu yetu ya filamu haitozi kiingilio, hatuuzi hata maji. Sasa kuna mtu wa idara ya sheria anasema kuonyesha muvi kwa akaunti yangu ya Netflix ni kosa. Ni kweli au anatuwekea kauzibe tu? – Katibu Asiye na Bajeti

Marahaba mwanangu. Yuko sahihi, na kabla hujanuna ngoja nikueleze. Ukinunua DVD hujanunua filamu, umenunua kisahani pamoja na ruhusa ya kuangalia nyumbani na watu wako. Akaunti ya kustrimu ndo kabisa, kwenye yale masharti ambayo wote tulibonyeza "nakubali" bila kusoma imeandikwa ni matumizi binafsi. Sasa ukishabandika tangazo ukutani "karibuni wote" hapo umeingia kwenye maonyesho ya hadhara, na hiyo ni haki nyingine inayojitegemea, iko mkononi mwa mwenye filamu au msambazaji wake wa nchi mliyopo. Kutotoza kiingilio kunaweza kushusha bei ya leseni ila leseni yenyewe bado inahitajika.

Kinachowachanganya wengi ni darasa. Marekani, sheria yao ya hakimiliki kifungu cha 110(1) inamruhusu mwalimu wa chuo kisichofanya biashara aonyeshe filamu akiwa ana kwa ana na wanafunzi wake, darasani, kama sehemu ya somo, kwa nakala halali. Uingereza nao wana kifungu cha 34 kwenye sheria yao ya 1988 kinachoelekea hukohuko. Ila mlango ukiwa wazi, akaingia mchumba wa mwanafunzi na binamu wa mchumba, hilo si darasa tena hata kama profesa amekaa mbele na miwani yake. Kwa hiyo someni sheria ya nchi yenu, na wa kwanza kumuuliza awe mkutubi wa chuo, watu wanawapita tu hawa lakini mambo ya hakimiliki wanayajua kuliko mawakili wengi.

Njia zipo. Netflix wenyewe baadhi ya dokyumentari zao wamezipa ruhusa ya kuonyeshwa kwa elimu, mara moja na bila kuchangisha hela, ruhusa yenyewe utaikuta imeandikwa kwenye ukurasa wa filamu husika. Kama chuo kinalipia Kanopy, ile huduma ya kustrimu filamu kupitia maktaba, baadhi ya filamu zake zinakuja na haki ya kuonyesha mbele ya watu, baadhi hapana, inabidi ukague moja moja. Wapo wanaouza leseni kwa vyuo, mfano Swank kule Marekani na Filmbankmedia Uingereza. Halafu kuna njia ninayoipenda mimi, taasisi za utamaduni: Goethe-Institut ya Wajerumani, Institut français, Japan Foundation. Hawa wana filamu ambazo haki zake za maonyesho yasiyo ya biashara wameshazimaliza wao, mara nyingi sharti lao ni kiingilio kiwe bure na jina lao litajwe, basi. Na usidharau kumwandikia mtayarishaji moja kwa moja, hasa wa filamu fupi au filamu ya kwanza, wengi wao wanatamani kuangaliwa kuliko wanavyotamani vijisenti vyenu.

Filamu za zamani sana nazo ni mlango, ila kwa tahadhari. Marekani zilizotoka 1929 haki zake zilikwisha mwanzoni mwa 2025, wao wanahesabu miaka 95. Ulaya wanahesabu miaka 70 tangu afe wa mwisho kati ya mwongozaji, mwandishi wa skripti, mwandishi wa mazungumzo na mtunzi wa muziki, kwa hiyo filamu hiyohiyo yaweza kuwa huru huku na imefungwa kule. Na muziki mpya uliowekwa juu ya filamu ya zamani una mwenyewe, uliza.

Dada, tunaleta vitu vikali kweli ila watu wakisikia kuna sabtaito wanasema hawajaja kusoma kitabu. Rafiki yangu anashauri tutafute zilizoingizwa sauti ya lugha yetu. Unasemaje? – Macho Mawili Skrini Moja

Nasema kwanza nenda kakae safu ya sita ya ukumbi wenu. Niko serious. Nusu ya watu wanaolalamika kwamba kusoma kunachosha ukweli ni kwamba hawaoni cha kusoma, maana kumbi nyingi za chuo sakafu yake ni sawa tambarare, skrini imening'inizwa chini, na sabtaito zinakaa hapohapo usawa wa kichwa cha jamaa wa mbele mwenye afro. Mtu anacheza kichwa kushoto kulia saa mbili nzima, akitoka anasema filamu za Kikorea zinaumiza shingo. Pandisha skrini, ukingo wake wa chini usipungue mita moja na nusu kutoka sakafuni, halafu viti vipangwe vya kupishana, asikae mtu nyuma ya mtu. Fanya hilo kwanza halafu uniandikie tena.

Sabtaito yenyewe ni kazi ya ufundi, sio tafsiri ya kumwaga. Mistari miwili, kila mmoja kama herufi arobaini hivi, inakaa kwenye skrini kati ya sekunde moja na sita au saba, kwa hiyo mtafsiri analazimika kukata, mtu akibwabwaja sentensi tano wewe unapewa mbili zenye uzito, na jicho linabaki na nafasi ya kurudi usoni kwa mwigizaji. Ikishapita robo saa ya kwanza hujui tena kama unasoma. Mwongozaji wa Korea Kusini, Bong Joon-ho, alilisemea hili Januari 2020 akipokea Golden Globe, kwamba ukishavuka kile kizuizi cha inchi moja cha sabtaito kuna filamu nyingi za ajabu zinakusubiri upande wa pili, na mwezi uliofuata filamu yake Parasite, ya Kikorea mwanzo mwisho, ikawa ya kwanza isiyo ya Kiingereza kubeba Oscar ya filamu bora.

Kuhusu kuingiza sauti, kwa katuni za watoto sina ugomvi. Kwa watu wazima ninao, na sababu moja ni historia. Italia ya Mussolini na Hispania ya Franco, ambako 1941 waliamuru kila filamu ya nje iingizwe sauti ya Kihispania, walipenda mtindo huo kwa sababu ukishika sauti umeshika maneno. Kuna filamu ya Marekani ya 1953 inaitwa Mogambo, mke wa mtu anapendana na mwanaume mwingine. Wakaguzi wa Hispania hawakutaka kusikia habari za mke kumsaliti mumewe, basi kwenye sauti wakawabadilisha, yule mke na mumewe wakawa dada na kaka. Sasa watazamaji wanaona dada na kaka wanaishi vile wanavyoishi… walikwepa uzinzi wakaangukia pabaya zaidi. Sabtaito angalau inakuachia sauti ya asili, anayeijua lugha atasikia akidanganywa.

Ila jaribu sabtaito zako filamu NZIMA kabla ya siku yenyewe. Sinema inakwenda picha 24 kwa sekunde, televisheni na DVD za Ulaya zilizoea 25, kwa hiyo filamu ya dakika 100 huko inaisha kwa dakika 96. Faili la sabtaito la toleo la 24 ukiliweka kwenye la 25, mwanzoni liko sawa, kadiri filamu inavyokwenda linachelewa na kuchelewa. Mimi hilo lilinikuta. Nilijaribu dakika kumi za kwanza nikaridhika. Mwishoni kabisa jamaa amepigwa risasi, amezikwa, watu wanatoka makaburini, ndo maandishi yanakuja "tafadhali weka silaha chini." Ukumbi ulicheka mpaka nikatamani kuingia chini ya meza.

Mambo aunty! Kwanini muvi za zamani kwenye projekta yetu watu wanatoka wafupi wanene? Na za bubu wanatembea kama wamefukuzwa na nyuki? – Fundi wa Kujitolea

Poa fundi. La kwanza ni kosa lako, la pili sio.

Wanene ni kwa sababu projekta au laptopu imevuta picha ijaze skrini. Filamu nyingi za zamani zilipigwa kwa umbo la karibu na mraba, upana 1.37 kwa urefu 1, ndio lilikuwa umbo rasmi la Hollywood tangu 1932. Upana wa siku hizi ulikuja kwa kishindo 1953 na CinemaScope, wakati studio zinahangaika kuwatoa watu majumbani kwenye televisheni, kakisanduku kadogo kale. Ukiwa na filamu ya mraba kwenye skrini pana, acha weusi pembeni, ndivyo inavyotakiwa, wala asije mtu kukwambia "jaza skrini". Ingia kwenye seting za projekta, umbo la picha, uweke "asilia". Kuna wahadhiri wa sanaa nimewaona wakiangalia uso wa mwigizaji umevutwa kama chapati saa nzima bila kusema neno.

Wanaokimbia: kamera za filamu bubu nyingi zilizungushwa kwa mkono, picha 16 mpaka 20 kwa sekunde hivi, wengine zaidi, hakukuwa na msimamo. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabidi mwendo uwe mmoja usiyumbe, maana sauti ikibadilika mwendo sikio linashtuka mara moja, ndo 24 ikakaa. Sasa ukicheza ya 16 kwa mwendo wa 24 lazima watu wakimbie. Tafuta nakala iliyorekebishwa kwa mwendo wake, zipo, na hapo ndo utaona zile filamu hazikuwa zote vichekesho.

Na kama mnaletewa filamu kwenye diski ya kumbi za sinema, ile wanayoiita DCP, kumbuka nyingi zimefungwa na funguo ya kidijitali inayofunguka kwenye mashine moja tu na kwa saa walizopanga. Omba funguo ianze kufanya kazi siku moja kabla. Usipofanya hivyo utakuja kuijaribu filamu kwa mara ya kwanza saa moja usiku mbele ya watu mia.

Shangazi naomba usitaje chuo. Mlezi wa klabu yetu ni profesa, mtu mzuri na ndiye anatupatia ukumbi, lakini anatambulisha filamu dakika arobaini, anasimulia mpaka mwisho nani anakufa. Na baada ya filamu tukisema "kuna maswali?" ukumbi kimyaa, watu wanabeba mabegi. – Mwenyekiti Asiyetaka Ugomvi

Pole mwenyekiti. Barua yako ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike, maana hapa ndo msimu unapofia. Projekta mbovu watu wanasamehe, wanacheka yanaisha, ila mtu aliyechoshwa kabla taa hazijazimwa harudi wiki inayofuata.

Profesa usimkatishe, mpandishe cheo. Mwende wawili, kwa heshima, mumwambie: "Mwalimu, watu wanatamani kukusikia wakiwa wameshaiona filamu, wapate cha kukuuliza, kwa hiyo tunaomba wewe uwe mzungumzaji mkuu baada." Sio uongo hata kidogo, yale anayoyasema mwanzoni yanafaa sana mwishoni. Utangulizi apewe mwanafunzi, dakika tano kwa saa, mambo matatu tu: filamu imetoka wapi na lini, ilikuwaje ikatengenezwa wakati ule, na kitu kimoja cha kuangalia. Kimoja! Mfano "angalieni milango", au "sikilizeni ni nani hajibiwi akiuliza". Mtu akishapewa kitu cha kuwinda anakaa macho.

Ule ukimya baada ya filamu ni kwamba "kuna maswali?" ni swali la mtihani. Mtu ametoka kulia gizani halafu unataka atoe hoja. Wape dakika tano wasimame, wanywe maji, wanaotaka kuondoka waondoke bila kuonewa haya. Waliobaki wasogeze viti karibu, nawe usiulize maana ya filamu, uliza ni picha gani moja imekaa kichwani. Kila mtu anayo. Wa kwanza atasema "yule bibi anavyofunga dirisha", wa pili atasema mbona mimi nilidhani anafungua, haya, ugomvi umeanza, kazi yako imekwisha.

Usiku mmoja tulionyesha filamu yenye msiba wa kijijini, wachambuzi wetu wakashuka na nadharia zao kuhusu kifo na ishara za rangi nyeupe, kumbe nyuma kabisa amekaa mwanafunzi aliyezaliwa nchi ileile ya kwenye filamu, akanyoosha mkono akasema kwa upole kwamba ile nguo nyeupe ni shuka tu, kwao wageni wakiwa wengi shuka zinaisha. Tulicheka, halafu akaanza kusimulia msiba wa babu yake, tukatoka saa sita usiku. Lakini sikilizeni, msimlazimishe. Mwanafunzi wa kigeni sio balozi wa nchi yake kila mkionyesha filamu ya kwao, akitaka kusema atasema.

Msije mkadhani mazungumzo ni pambo. Sembène Ousmane, Msenegali, alikuwa mwandishi wa riwaya kwanza, akaingia kwenye sinema kwa sababu watu aliokuwa anawaandikia wengi hawakuweza kusoma Kifaransa, na 1968 akatengeneza Mandabi kwa Kiwolofu. Alikuwa akiiita sinema shule ya usiku, na filamu zake alizizungusha vijijini, zikiisha anakaa na watu wanazibishania. Mkimwambia profesa wenu hilo atakubali mwenyewe, wallahi.

Kamati yetu inachagua kwa tuzo tu, Cannes, Venice, Berlin. Wiki sita mfululizo watu wamelia. Tumepoteza nusu ya watazamaji. Tufanyeje? – Mhazini

Chekesheni watu, kwani nani kawaambia nchi za wenzenu hakuna vichekesho? Kamati nyingi zinadhani filamu ya kimataifa lazima iwe na mvua, mtoto yatima na farasi anayekufa.

Tuzo si kitu kibaya. Rashomon ya Kurosawa isingepata Simba wa Dhahabu pale Venice 1951 sinema ya Japani ingechelewa sana kufika macho ya Ulaya na Marekani. Lakini tuzo ni chaguo la watu wachache waliokaa chumba kimoja wiki mbili, ninyi mna watu wenu. Mimi nafuata mfano wa Amos Vogel, mkimbizi kutoka Austria, aliyeanzisha klabu ya Cinema 16 huko New York 1947. Yule bwana usiku mmoja anaweka filamu ya kisayansi, katuni, filamu ya majaribio isiyoeleweka na dokyumentari kali, zote kwenye kikao kimoja. Klabu ikafika wanachama kama 7,000. Watu hawakuchoka.

Kwa hiyo changanyeni. Nzito, nyepesi, fupi nne za nchi nne, ya muziki, halafu nzito tena. Za Afrika msiziweke zote "wiki ya Afrika" kama dawa ya kumeza mara moja kwa mwaka, zisambazeni. Msiseme nakala nzuri hazipatikani: Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya 1973, ilisafishwa 2008 na mradi wa World Cinema Project alioanzisha Martin Scorsese mwaka mmoja kabla, na inavutia kuliko muvi nyingi za mwaka jana. Orodha za FESPACO, lile tamasha la Ouagadougou lililoanza 1969, ni mahali pazuri pa kuanzia kuchimba. Na tafadhali filamu moja msiiite "Iran" au "Brazil". Ni filamu ya mtu mmoja na wenzake, mara nyingine hela zimetoka nchi nne.

Tuseme "filamu za kigeni" au "za kimataifa"? Tumebishana wiki nzima. – Wawili wa Kamati ya Mabango

Kimataifa. Kigeni kwa nani, wakati ukumbini kwenu kuna watu wa nchi kumi? Hata wale wa Oscar walibadilisha 2019, kutoka "lugha ya kigeni" kwenda "filamu ya kimataifa", wakasema neno kigeni limepitwa na wakati. Halafu mwaka huohuo wakaiondoa Lionheart ya Nigeria kwa sababu sehemu kubwa ni Kiingereza, ambacho ni lugha rasmi ya Nigeria! Jina walibadili, sharti wakaliacha vilevile. Lakini wiki nzima kwa bango moja, nyie watoto mna muda.

Shangazi, majina yanapoanza kupanda mwishoni tuwashe taa au tusubiri? Mlinzi anataka kufunga. – Zamu ya Swichi

Subirini. Nani aliyeshika maiki, nani aliyetafsiri, nani aliyepika, wote wamo humo, na mtazamaji anahitaji zile dakika tatu nne afute macho kabla jirani hajamwona. Washa za pembeni kwanza, polepole, za katikati baadaye. Mlinzi mpe kiti akae aangalie na yeye. Wa kwetu tulimpa, na msimu wa tatu ndiye aliyekuwa akiniuliza kwanini wiki hii hatujaleta ya Kijapani.